Tani Moja na Nusu

"Kaza, bwana. Kaza mpaka ilie."

"Ikilia ujue imekatika, mzee. Chuma hakilii kwa raha."

Fundi Nassibu alionekana miguu tu, katambuga mbili za mpira wa tairi zimetokeza chini ya Landrova. Mwili uliobaki ulikuwa umelala kwenye oili chafu na mchanga wa Gerezani. Ignasi alichuchumaa kando ya gurudumu la nyuma na spana tatu mkononi, kila moja ya mtu wake, maana mwaka ule pale Gerezani hakukuwa na fundi mwenye seti kamili. Ya kumi na tisa ilikuwa ya Nassibu, ya ishirini na mbili ya fundi wa banda la pili, na ile kubwa iliazimwa kwa sharti kwamba irudi kabla ya saa tatu.

Saa tatu hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimharakisha Ignasi. Ofisi ya vibali vya mafuta ingefunguliwa saa tatu na kufunga orodha saa sita, na leo ilikuwa siku ya mwisho. Asiyeandikwa leo asubiri Desemba. Na yeye Desemba hakuwa nayo.

Mama Candida, katibu wa duka la ushirika la Ilala, alikuwa amempa kazi ya kusomba sembe na sukari kutoka ghala la barabara ya Pugu hadi maduka matatu ya ushirika, kila siku ya Mungu, mwaka mzima. Kazi kama hiyo Ignasi hakuwahi kuipata tangu aje mjini kutoka Songea. Sharti lilikuwa moja tu: gari liwe na kadi ya dizeli ya serikali. Mwaka ule wa kukamata wahujumu uchumi, kamati ya duka haikuwa tayari kulala ndani kwa ajili ya dizeli ya madebe inayouzwa uchochoroni Buguruni. Na kadi nayo ilikuwa na waraka wake: hupewa magari ya mizigo yanayobeba tani moja na nusu na kuendelea. Landrova ya Ignasi ilikuwa imeandikwa mlangoni, kwa rangi ya mapadre waliomuuzia, KILO 900.

Ndiyo maana ya springi.

Walipomuuzia, mapadre wale walimwambia bila kumficha: mwanangu, hii tumeichosha. Yeye akaona chuma ni chuma. Akaanza kuijenga kama ndege ajengavyo kiota, leo kijiti, kesho unyasi. Ringi za pistoni aliletewa na baharia. Nozeli zilitoka kwenye jenereta iliyokufa. Mpira wa radieta ulikuwa tyubu ya baiskeli iliyofungwa waya tabaka tatu, na bodi la nyuma lilikuwa mbao za makasha ya mitambo, bado lina mishale inayoonyesha upande wa juu. Mwaka wa tatu Landrova ikawa inawaka asubuhi kwa mkupuo mmoja, na watu wa Mtaa wa Sikukuu waliozoea kuisukuma wakaanza kumwamkia mwenyewe kwa heshima mpya.

Springi zilibaki za mwisho kwa sababu zilikuwa ghali. Nassibu alipata mabamba kutoka lori dogo lililopinduka, akayakata, akayakunja upya kwa moto wa makaa, manne kila upande. Ili kuyapata Ignasi aliuza cherehani ya marehemu mkewe. Ilikaa miaka miwili imefunikwa khanga pembeni mwa chumba, na siku fundi nguo alipoibeba begani, alama nne za miguu yake zilibaki sakafuni, na Ignasi akifagia alizizunguka, asizifute.

Mkewe, Scholastika, alikufa kitandani hospitali. Dripu hakuna, sindano hakuna, daktari yupo lakini hana cha kumpa mgonjwa ila pole. Wiki ile ile redio ilisema wananchi wafunge mikanda. Ignasi alijitazama kiunoni. Suruali yake aliifunga kwa kamba ya katani. Tangu siku hiyo hakumsikia mtu mwenye ofisi akisema neno bila kujiuliza huyu amekula nini leo asubuhi.

"Tayari," Nassibu alitoka chini akijikung'uta. "Panda nyuma, urukeruke."

Ignasi akapanda, akaruka. Landrova haikutikisika. Iliinua matako juu kama mbuzi anayetaka kupiga kichwa.

"Tani moja na nusu," Nassibu akasema. "Ukitaka mbili niambie, ila hapo mimi nitakuwa nimesafiri."

Ignasi aliushika mkono wake kwa mikono miwili. Kisha Nassibu akachukua brashi, akafuta KILO 900 kwa petroli, akaandika TANI 1½ kwa rangi nyeupe, herufi zimeegemea upande kama watu wanaotembea kwenye upepo.

---

Foleni ya ofisi ya mafuta ilikuwa ya mawe. Watu walikuwa wameyapanga tangu jana, moja moja mpaka kwenye ngazi, kisha wakaenda zao kutafuta riziki. Ignasi alilikuta lake, nusu tofali lenye chokaa, akasimama juu yake. Kijana wa kofia ya pama akamsogelea.

"Mzee, hilo jiwe la kwangu."

"Lina chokaa."

"Hata langu lina chokaa."

"Basi liulize limetoka nyumba gani. Mimi nitakuambia ni ya nani na mlango wake unatazama wapi."

Watu wakacheka, kijana akasogea nyuma kutafuta jiwe jingine.

Uwanjani mkaguzi wa magari alikuwa kivulini na kitabu chake cha vyeti. Ignasi alimwachia mtu nafasi, akaisogeza Landrova. Alijiandaa kwa vita: taa ya kushoto haikuwaka na honi ililia ikitaka. Mkaguzi hakutazama taa. Aliinama, akahesabu mabamba ya springi kwa kidole, akapiga teke tairi moja, akaandika.

"Tani moja na nusu. Gari zuri."

"Basi?"

"Kwani unataka nikutafutie kosa, mzee?"

Ignasi alirudi kwenye foleni na cheti, moyo mwepesi. Kwa umri wake alipaswa kujua: mlango wa serikali ukifunguka bila kubishwa, angalia nani yuko nyuma yake.

Dirishani alikaa binti mmoja, kitambaa cha kijani kichwani, mihuri miwili mbele yake. Wenzake walimwita Zamzam.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alikisoma cheti cha mkaguzi, akakisoma tena. "Hii tani moja na nusu, baba, ni kamili?"

"Kamili."

"Isingekuwa tani moja na robo?"

"Kwani unaiona ndogo?"

"Naiona kubwa." Alitupa jicho nyuma, kwenye kioo ambako mkuu wake alikaa, akashusha sauti. "Baba, ungeniachia hii karatasi. Urudi Jumatatu, tuitazame vizuri. Orodha ninayo mimi, tarehe isikusumbue."

Lugha hiyo Ignasi aliijua kuliko Kingoni. Uniachie, urudi, tuitazame. Miaka kumi na tano ya mjini alikuwa ameisikia kwenye kila dirisha, na tafsiri yake ni moja tu: umekuja na nini. Alimtazama yule binti, mdogo hivi, kucha zimekatwa vizuri, akawaza: hata huyu wamekwisha kumfundisha.

"Binti," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye ngazi, "mimi sina cha kukuachia. Chai nimekunywa kwangu, na wewe kanywe kwenu. Piga muhuri."

"Mpe haki yake mzee," mtu akasema nyuma.

"Wamezoea hao," akasema mwingine.

Uso wa Zamzam ulibadilika. Akampa fomu. "Weka sahihi hapa chini. Umeisoma?"

"Nimeisoma."

Hakuwa ameisoma. Ignasi aliishia darasa la pili. Herufi kubwa alizimudu, lakini zile ndogo za chini, zilizobanana kama siafu, ziliwataka watu wenye miwani. Akaandika jina lake taratibu. Muhuri ukaanguka.

"Chumba namba kumi na nne, baba. Ng'ambo ya ukumbi. Kuna muhuri wa pili."

---

Katika chumba namba kumi na nne mwenye meza alisimama kumpokea. Ndugu Bakili alikuwa mtu mnene mwenye suti ya mikono mifupi, kalamu nne mfukoni, na mbele yake sahani ya vitumbua na kikombe cha chai ya maziwa. Mjini maziwa yalikuwa hayajaonekana kwa wiki tatu.

"Karibu, mzee wangu, karibu kiti."

Ignasi hakuwa amewahi kupewa kiti katika ofisi ya serikali. Alikalia ukingo wake.

"Landrova, dizeli, tani moja na nusu. Na cheti cha leo leo," Bakili alisoma kwa furaha. "Hongera. Magari mazima siku hizi tunayatafuta kwa tochi."

"Nimeitengeneza mwenyewe."

"Wananchi kama wewe ndio tunaowataka." Akaandika, akagonga muhuri kwenye kadi ya dizeli, akagonga mwingine kwenye barua, akazisukuma zote mbili mezani. "Basi, leo saa kumi, yadi ya barabara ya Pugu. Unapakia mbolea kwenda Songea. Kurudi unakuja na mahindi."

Ignasi alicheka kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwenzake. "Mimi nimekuja kwa kadi ya mafuta, ndugu. Nina kazi ya maduka ya ushirika, Ilala."

"Kadi ndiyo hiyo. Na dizeli yake ndiyo ya kwendea Songea."

"Mimi?"

"Gari lako na wewe. Operesheni ya kusomba mazao. Waraka unasema magari yote ya watu binafsi ya tani moja na nusu na kuendelea, yakiwa mazima. Umetia sahihi hapa." Alionyesha siafu za chini ya fomu. "Gari litatumika kwa kazi za taifa litakapohitajika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mahindi yaishe."

"Zile barabara ninazijua. Mvua ikinikuta Njombe, gari litarudi mifupa."

"Likiharibika utaandika barua. Malipo baada ya msimu." Bakili aliuma kitumbua. "Halafu wewe jina lako la ukoo ni la Kingoni. Tunakupeleka kwenu, bado unanung'unika?"

"Kwetu ni Kinondoni, makaburini. Huko ndiko aliko mtu wangu."

Bakili alitafuna polepole, akameza. Akachukua kitumbua kingine.

"Kuna jirani yangu Mtaa wa Lindi," Ignasi akasema, "ana lori la tani kumi. Naye anakwenda?"

"Lile ni bovu. Lina cheti cha ubovu."

"Jana lilipita na saruji."

"Mzee, mimi nafuata karatasi."

"Na hicho cheti cha ubovu kinatolewa chumba namba ngapi?"

Bakili alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama mtu. "Hicho hakina chumba," alisema. Akaifuta mikono yake. "Sikiliza. Ungekuja na tani moja na robo, nisingekugusa. Mafuta usingepata, lakini gari lingekuwa lako. Hii sasa ni tani moja na nusu. Usipofika saa kumi, mwaka huu unajua jina ambalo watu hupewa."

Jina hilo hakulitaja. Halikuwa na haja ya kutajwa. Gereza la Keko lilikuwa limejaa wenye jina hilo, wengine kwa shehena za malori, wengine kwa miche sita ya sabuni chini ya kitanda.

Ukumbini Ignasi alisimama akiwa na kadi mkono wa kulia na barua mkono wa kushoto. Dirishani Zamzam alikuwa akimhudumia yule kijana wa pama. Isingekuwa tani moja na robo, alimuuliza. Naiona kubwa. Hakuwa amemwomba kitu. Alikuwa akimtoa kisimani, naye akaukata mkono mbele za watu. Ignasi alipiga hatua mbili kuelekea dirishani, lakini foleni ikadhani anataka kuchomekea, ikamzomea, akatoka nje.

---

Pale Ilala akina mama walikuwa wamejipanga na vikapu, wakisubiri unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mama Candida alitoka na daftari kwapani kabla Ignasi hajazima gari.

"Kadi umepata?"

"Nimepata."

Aliichukua, akaitazama muhuri mmoja mmoja, kisha akacheka, na yeye hakuwa mtu wa kucheka. "Basi kesho saa kumi na mbili ghalani. Nimewaambia wa maduka yote matatu. Usiniangushe, baba. Kamati ilitaka kumpa Severine na mikokoteni yake, nikasema hapana, kuna mtu anatengeneza gari."

Mwambie sasa, Ignasi alijisemea. Barua ilikuwa mfukoni.

"Nitafika," akasema.

Maana alikuwa amekwisha kupata wazo. Kama kosa ni mabamba manane, mabamba manane yatoke. Awapelekee gari la kilo mia tisa, walione kwa macho yao, wamwachie. Kadi ya dizeli alikuwa nayo tayari, imepigwa mihuri yote miwili, na kadi haikuandikwa uzito. Aliligeuza wazo hilo njia nzima mpaka Gerezani, halikuwa na tundu.

Nassibu alikuwa anakula muhogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka muhogo chini.

"Asubuhi umenishika mkono kama padri. Sasa unasema nitoe."

"Toa."

"Mzee, hata mke anaachwa kwa talaka tatu. Springi umeiacha haijalala nyumbani siku moja."

"Nassibu, sina muda."

"Na hela ya kazi?"

Ignasi hakuwa nayo. Nassibu aliona. Akajikuna shingo, akawa anazungumza na gurudumu, asimtazame mzee usoni. "Utaniachia mabamba. Yupo mtu wa Buguruni anayataka. Siyo kwamba nakubana."

"Yachukue."

Bolti zilizokazwa asubuhi zililegezwa kwa spana zile zile, ile kubwa ikaazimwa mara ya pili kwa maneno makali zaidi. Mabamba yalitoka, yakaangushwa mchangani moja moja. Ignasi aliyatazama, akaona gurudumu la cherehani likizunguka na mguu wa Scholastika kwenye pedali. Akageuka akatazama barabara. Landrova ilishuka matako, ikakaa kama ilivyokaa miaka yote, juu ya springi za mapadre zilizonyooka kwa uchovu. Nassibu akafuta mlango, akaandika upya KILO 900 juu ya rangi ambayo haikuwahi kukauka.

"Ukifika huko usiongee sana," alimwambia. "Wewe ukikasirika unaongea kama redio."

---

Yadi ilikuwa na malori saba yamepanga mstari, mengine yakiwa na matawi ya miti yaliyoziba mahali pa vioo. Magunia ya mbolea yalikuwa mlima. Msimamizi wa yadi aliitwa Filbert, kijana wa miaka thelathini hivi, kaptura imepigwa pasi, ubao wa kuandikia mkononi. Ignasi alimwamkia yeye kwanza, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa mtu wa umri ule maisha yake yote.

"Ndugu yangu, kuna kosa. Gari langu halifiki tani moja na nusu. Njoo ulione."

Filbert hakuinua uso. "Barua."

Akapewa. "Ignasi. Landrova. Tani moja na nusu. Mifuko thelathini. Peleka pale, ndilo la kwanza kutoka."

"Njoo utazame springi. Dakika moja tu. Mlangoni imeandikwa kilo mia tisa."

"Mlangoni hata mimi naweza kujiandikia waziri." Wapakiaji wakacheka. "Mzee, hapa sikagui gari, nakagua karatasi. Mkaguzi wa serikali leo asubuhi amesema tani moja na nusu. Sasa nimwamini yeye au wewe?"

"Uyaamini macho yako."

"Macho yangu hayana muhuri."

"Haitabeba, kijana wangu. Nakuambia mimi niliyeitengeneza."

"Ikishindwa utaandika barua."

Ignasi alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, ya miaka: ya dripu, ya maziwa ya chumba namba kumi na nne, ya lori bovu linalobeba saruji. Yote yalikuwa tayari. Kisha akaona kwamba hata angeyasema yote, huyu angesubiri yaishe, halafu aseme mifuko thelathini. Pumzi ikamtoka. Kilichobaki ndani yake kilikuwa kigumu na kimetulia.

"Sawa," alisema. "Pakieni."

Walipakia. Mifuko ya kilo hamsini, mtu mmoja mmoja, begani. Kwenye wa kumi na nane mpakiaji mwenye kovu shavuni akasimama, akainama kutazama chini ya bodi.

"Mzee, hii imekaa. Tuwachie hapa, tuseme thelathini. Nani atahesabu?"

Kilikuwa kitu cha wema, na safari hii Ignasi alikitambua. Alimshika yule mtu bega.

"Asante, mwanangu. Lakini karatasi inasema thelathini. Bado kumi na miwili."

"Itavunjika."

"Ongezeni."

Ishirini. Ishirini na tano. Mbao za makasha zililia. Tairi za nyuma zilipanuka kama miguu ya mtu aliyechuchumaa na mzigo kichwani. Mfuko wa thelathini ulipowekwa, wapakiaji wenyewe walirudi nyuma, na mmoja akavua kofia bila kujua kwa nini.

Ignasi alipanda, akawasha. Iliwaka mara moja. Aliweka gia ya kwanza, akaiachia klachi taratibu kama alivyokuwa akifanya alipompeleka Scholastika kanisani, asimchafulie nguo kwa vumbi. Landrova ikatambaa mpaka getini. Geti lile lilikuwa la kusukuma, la chuma, na chini yake kulikuwa na reli iliyotokeza kama inchi mbili. Magurudumu ya mbele yakavuka. Angeweza kusimama hapo. Angeweza kuruka nje na kusema, mnaona sasa. Hakusimama.

Magurudumu ya nyuma yalipogonga reli, ulitoka mlio mmoja mkavu, kama fimbo iliyovunjiwa gotini. Bamba kuu la kushoto likakatika, ekseli ikarudi nyuma, bodi likalalia tairi, na mifuko sita ikateremka ikapasuka barabarani. Gari likakaa chini katikati ya geti, mbele nje, nyuma ndani. Hata baiskeli isingepita.

Nyuma malori saba yakaanza kupiga honi.

Filbert alikuja mbio, ubao kifuani. "Toa gari. Toa gari hapo."

Ignasi alishuka polepole. "Nilitoe vipi?"

"Umefanya makusudi."

"Nimefanya karatasi."

"Hii ni hujuma, mzee, unaelewa? Naweza kukuita polisi sasa hivi."

"Waite. Lakini kwanza andika." Sauti yake haikupanda. "Andika gari la tani moja na nusu limepakiwa tani moja na nusu. Andika mwenyewe alikataa, na aliyeamrisha ni nani. Hawa wote walikuwapo."

Filbert aliwageukia wapakiaji. Yule mwenye kovu alikuwa anatazama mbingu kama anayetafuta mvua. Wengine walikuwa wameinamia viatu vyao. Kalamu ya Filbert ilifika kwenye karatasi, ikasimama.

"Leteni winchi," alisema mwishowe.

"Winchi ina kibali chake, mkubwa," mtu akamjibu. "Na chumba namba kumi na nne wamefunga tangu saa nane na nusu."

"Basi shusheni mzigo, lisukumwe."

"Halisukumiki, tairi imebanwa. Mpaka liinuliwe, litiwe springi."

"Springi," Filbert alisema, kama neno la lugha nyingine.

Ignasi aliokota gunia tupu, akalikung'uta mbolea, akalitandika mbele ya meza ndogo ya Filbert iliyokuwa kando ya geti. Akakaa. Magoti yalimuuma. Ile Landrova hakuitazama.

"Unafanya nini hapo?" Filbert akauliza.

"Nataka kibali cha springi. Nadhani mimi ndiye wa kwanza."

"Hapa hatutoi vibali."

"Basi nitamsubiri anayetoa."

"Mpaka kesho?"

"Mlishatuzoesha, ndugu."

Honi zilikuwa zimeungana sasa, zote saba, na madereva walikuwa wakiteremka mmoja mmoja kuja kuona ni nini kilichowafungia njia. Kesho saa kumi na mbili Mama Candida angesimama mlangoni pa ghala na daftari lake, angesubiri robo saa kwa heshima, kisha angetuma mtu kwa Severine. Ignasi alilijua hilo vizuri. Akajivuta nyuma kidogo kwenye gunia, akawapisha madereva mahali pa kukaa.